UZI: Mfuko wa nauli za makongamano – kazi za kujitolea ambazo hakuna anayezigombea

MtuWaRamani (mwanzisha uzi)

Wanajamvi, salaam.

Kuna vijana wa chama cha watu wa ramani na programu huria wanaanzisha mfuko wa kuwasafirisha wenzao wa Afrika Mashariki na Kongo kwenda kwenye makongamano, ya karibu na ya mbali. Wameniuliza kamati iwe na watu gani na kila mtu afanye nini. Tumeongea kwa simu, lakini maswali yao ni yale yale ninayoulizwa kila mwaka, kwa hiyo nimeona niyaweke hapa. Nimekaa kwenye kamati za namna hii miaka kadhaa, zote za kujitolea. Mwenye uzoefu zaidi anisahihishe.

Msimamo wangu nautoa mapema. Kamati nyingi humaliza nguvu zao kwenye kuchagua. Wanatengeneza fomu, wanabishana juu ya alama, majina yanatangazwa, watu wanapongezana, halafu kila mmoja anarudi kwenye shughuli zake. Na hapo ndipo safari za watu zinapoanza kuharibika. Barua ya kusema "hongera, umechaguliwa" haijawahi kumfikisha mtu ukumbini. Anayemfikisha ni mtu mmoja wa kujitolea, mwenye jina na namba ya simu, aliyekabidhiwa kumfuatilia tangu siku ya tangazo mpaka amerudi kwao na kila senti yake ameipata. Kama mtu huyo hamjampata, dirisha la maombi msilifungue kwanza.

Wengi hapa mnaikumbuka FOSS4G, kongamano la dunia la programu huria za ramani, ya Dar es Salaam, Agosti 2018, pale Kituo cha Mikutano cha Kimataifa cha Julius Nyerere. Kaulimbiu yake ilikuwa kutomwacha mtu nyuma. Vijana waliochora mitaro na vichochoro vya Dar kupitia mradi wa ramani wa Ramani Huria waliweza kupanda daladala wakaenda kukutana na watu waliotengeneza programu wanazozitumia kila siku. Lakini kongamano hilo huhama kila mwaka: 2016 lilikuwa Bonn, 2017 Boston, 2019 Bucharest, 2024 Belém kule Brazili. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi aliyetembea na GPS kwenye maji ya mafuriko atafikaje Belém bila mfuko wa nauli? Ndiyo maana jambo hili linanigusa. Wanaozijua ramani za mitaa yetu kuliko mtu yeyote duniani ndio hao hao wasioweza kujilipia tiketi.

Sasa kazi zenyewe.

Mratibu. Huyu anashika kalenda, basi. Asisome maombi, asishike fedha. Kazi yake ni kuuliza kila wiki: fulani amefikia wapi? Mkimpa na kazi nyingine, kalenda itamponyoka.

Wasomaji wa maombi. Hawa hupatikana kirahisi kwa sababu kazi ni ya wiki mbili na ina heshima yake. Kila ombi lisomwe na watu watatu wasiotoka nchi moja. Anayemfahamu mwombaji aseme na akae pembeni kwa ombi hilo. Jambo nililolipenda kwa wenzetu wa Debian, wale wa programu huria, kwenye ruzuku za kongamano lao la DebConf ni kwamba mchango wa mtu na uhitaji wake huulizwa mbalimbali. Mwombaji anaeleza anachofanya, na sehemu nyingine anasema kama bila msaada hawezi kabisa kufika, au angefika kwa kujibanabana. Mkichanganya hayo mawili, mtampa nauli mtu mashuhuri ambaye mwajiri wake angemlipia. Na tafadhali, Kiingereza cha mwombaji msikipe alama. Ruhusuni Kiswahili na Kifaransa, mtashangaa watu mlikuwa mnawakosa.

Mtu wa viza. Hapa nitakaa kidogo.

Huyu ndiye anayeandika barua ya mwaliko na kuhakikisha inatosha. Barua yenye maneno matamu lakini haisemi nani analipa nini ni karatasi tu. Iwe na jina kama lilivyo kwenye pasipoti, namba ya pasipoti, tarehe za kongamano na za safari, anuani ya ukumbi na ya malazi, na kiasi ambacho mfuko utagharamia: tiketi, chumba, posho. Chini kuwe na namba ya simu ambayo ubalozi ukipiga mtu anapokea. Nimeona barua zilizosainiwa na mwenyekiti ambaye wiki hiyo yuko safarini na simu imezimwa.

Halafu ajue muda. Viza ya Schengen, ile moja ya nchi nyingi za Ulaya, huombwa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na si chini ya siku 15 kabla. Majibu kwa kawaida ni ndani ya siku 15, lakini wanaweza kufika 45. Ada kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, na hairudi ukinyimwa. Bima ya safari iwe ya euro 30,000 kwenda juu. Hesabuni kurudi nyuma: kongamano likiwa Agosti, majina yakatangazwa Juni, mmeshachelewa. Tena balozi nyingi za Ulaya hazitoi viza katika kila mji mkuu wa Afrika, mtu analazimika kuvuka mpaka kupeleka maombi na alama za vidole. Nauli hiyo na kitanda cha kulala huko lazima viwe kwenye bajeti tangu siku ya kwanza. Ada ya viza vilevile. Mfuko unaosema "tunalipa tiketi, viza ni juu yako" umeshawachuja watu upya, na safari hii umewachuja kwa mfuko wao.

Mtu wa tiketi na mtu wa fedha nawaeleza pamoja, kwa sababu ugomvi wao ni mmoja: mfuko ununue tiketi, au mtu anunue kwanza kisha arudishiwe? Mimi nasema mfuko ununue. Mwalimu wa sekondari hana dola 1,400 za kuiweka kwenye tiketi akisubiri kurudishiwa miezi miwili baadaye. Ukimwambia hivyo, atakujibu kwa adabu kwamba amepata udhuru, na utadhani kweli amepata udhuru.

Mlezi. Hii ndiyo kazi isiyogombewa. Mlezi mmoja kwa watu wanne au watano, wasizidi. Anampigia mtu wake, si kumwandikia barua pepe tu. Anamuuliza pasipoti inaisha lini, maana nchi nyingi zinataka iwe na miezi 6 mbele. Anamkumbusha chanjo ya homa ya manjano siku 10 kabla ya kusafiri, kwa sababu kadi inaanza kuhesabika baada ya siku hizo. (Ukishachanjwa ni ya maisha tangu Julai 2016, wasikuambie urudie baada ya miaka kumi.) Usiku wa safari, simu ya mlezi iko wazi.

Naomba kuwasilisha.

MhasibuTanga

Shukrani kwa uzi. Ila hapo kwenye fedha sikubaliani nawe. Mimi ni mhasibu, na mfuko wa chama chetu tuliwahi kuwapa watu fedha mkononi kabla ya safari. Wawili hawakusafiri na fedha hazikurudi. Wafadhili walipotuita, mimi ndiye niliyekaa kwenye kiti cha kujibu. Mtu anunue, alete stakabadhi, alipwe. Ndivyo fedha za umma zinavyotunzwa.

MtuWaRamani

Dada Mhasibu, nakuelewa, na uchungu wa kujibu hesabu ambazo hukuzitumia wewe si mdogo. Lakini tofautisha kumpa mtu fedha na kumnunulia tiketi. Tafuteni wakala mmoja wa tiketi, mwekeane mkataba, alipwe na mfuko moja kwa moja. Hoteli ilipwe moja kwa moja. Tiketi iko kwa jina la msafiri, hawezi kuiuza. Asiposafiri, mtu wa tiketi anaifuta na kinachorudi kinarudi mfukoni, si kwake. Kinachobaki mkononi mwa mtu ni posho, na hiyo mpeni akishafika: nusu siku ya mapokezi, nusu katikati ya wiki. Stakabadhi zote unazo na hakuna aliyekopa.

Ada ya viza ndiyo ngumu kidogo, kwa kuwa mara nyingi hulipwa na mwombaji mwenyewe. Hiyo itumeni mapema kwa simu, na risiti ya kituo cha viza irudi kwa mlezi siku ile ile.

MhasibuTanga

Hapo kwa wakala nimekupata. Ila andika pia kwamba mtu wa fedha awe na msaidizi anayesaini naye. Kujitolea hakuondoi saini mbili. Na msisahau makato ya benki za kati: unatuma dola 300 nje ya nchi, mtu anapokea 265 anadhani mmemkata nyinyi. Mtumaji achague makato yote yawe upande wake.

NduguWaLushi

Jambo wandugu. Naandika kutoka Lubumbashi. Asante kwa kutukumbuka watu wa Kongo kwenye huo mfuko, mara nyingi Afrika Mashariki ya watu inaishia Kigoma.

Naongeza jambo kwa mtu wa tiketi. Pasipoti yetu sisi Wakongomani iko kwenye orodha ya Ulaya ya wale wanaohitaji viza hata ya kupita uwanjani tu, hata kama hutoki nje ya eneo la abiria. Kwa hiyo mtu akipewa safari ya Brazili kwa tiketi inayobadilisha ndege Paris ama Lisbon, anazuiwa huku huku nyumbani kwenye kaunta. Tiketi ya bei rahisi inakuwa hasara yote. Kuna mwenzangu alinunuliwa ya namna hiyo na waandaaji wa kongamano moja. Aliyenunua alikuwa Ulaya, kwa pasipoti yake mwenyewe hajawahi kuulizwa viza ya kupita, hakujua kama kitu hicho kipo. Mwenzangu alirudi nyumbani na begi lake, na tayari alikuwa amewaaga watu wote wa kanisani.

Mtu wa tiketi aulize kwanza: pasipoti yako ni ya nchi gani, una viza gani nyingine ndani? Kisha ndiyo atafute njia, Addis Ababa, Istanbul, popote, hata ikizidi bei.

MtuWaRamani

Ndugu yangu wa Lushi, pole kwa mwenzako. Hili naliongeza kwenye maelezo ya kazi: mtu wa tiketi asinunue kitu kabla ya kuona picha ya ukurasa wa pasipoti na kusoma masharti ya kila uwanja wa njiani.

Na jina pia. Sisi Watanzania tunaandika majina matatu na kila fomu tunayapanga kivyake. Binti mmoja niliyekuwa mlezi wake alijaza fomu kwa jina lake na la babu, kama anavyojulikana kazini. Pasipoti ina jina lake, la baba na la ukoo. Tiketi ikatoka kwa jina la babu. Saa nne usiku yuko kwenye kaunta uwanja wa ndege, mhudumu anageuza pasipoti, anaangalia skrini, anageuza tena, anasema huyu si wewe. Binti akanipigia sauti inatetemeka. Tulichokuwa nacho ni namba ya usiku ya wakala. Wakala akaingia kwenye mfumo, akarekebisha jina, akatuma upya, na kaunta ilikuwa bado haijafungwa. Kama namba ile ingekuwa ya ofisini tu, ya saa mbili mpaka kumi na moja jioni, binti yule angelala Dar. Siku mbili baadaye alisimama mbele ya watu akaeleza jinsi wanavyopima kina cha mafuriko kwa kuwauliza wakazi maji yaliwafika wapi mwilini: kwenye kifundo cha mguu, gotini, kiunoni. Ukumbi mzima uliandika.

DevWaNgong

Niaje wakubwa. Mimi nataka kuwasemea wenyeji, yaani watu wa kule kongamano linapofanyika. Wikimania, kongamano la watu wa Wikipedia, ilikuja Nairobi Agosti 2025, na kabla yake Deep Learning Indaba, ile ya akili bandia ya Afrika, ilikuwa Kenyatta University 2019. Kongamano likija karibu hivi, kazi za kamati zinabadilika. Mkenya, Mganda na Mnyarwanda wanavuka kwa kitambulisho tu tangu 2014, kwa hivyo mtu wa viza anapumzika kidogo. Lakini safari za basi nazo zina mambo yake. Mtu wa Kampala anafika mjini saa kumi na moja asubuhi, hoteli inampa chumba saa nane mchana. Atakaa wapi? Mtu wa Dar anashuka Namanga usiku kugonga muhuri, kadi ya njano ya chanjo iko kwenye begi kubwa chini ya basi.

Kwa hivyo naomba muongeze mtu wa mapokezi. Awe mwenyeji kabisa, anayejua stage za mabasi, awe na orodha ya nani anafika saa ngapi kwa basi gani, na apange na hoteli vyumba viwili vya mapema watu wapumzike na kuoga. Hiyo ni gharama ndogo sana na watu huikumbuka.

Pia kwa wageni wa kutoka nje ya Jumuiya, mtu wa viza asome sheria ya nchi mwenyeji upya kila mwaka. Hizi taratibu za kuomba kwa mtandao ruhusa ya kuingia nchini zinabadilika haraka. Kilichokuwa kweli mwaka jana usikinakili.

Mama_Afya

Nimesoma kimya kimya ila imebidi niandike. Mimi ni wa sekta ya afya. Mnaokumbuka kongamano la Ukimwi la Montreal 2022 mnajua: watu wengi wa Afrika, wakiwemo waliokuwa na ufadhili kamili, hawakupata viza za Kanada, wengine hawakujibiwa kabisa mpaka kongamano likaisha. Watu wa akili bandia yaliwakuta mji huo huo mwaka 2018, kundi la watafiti weusi la Black in AI. Sasa naomba kuuliza, mtu aliyechaguliwa akanyimwa viza, kamati inamfanyia nini? Kwa sababu nilikaa miezi natafuta karatasi, taarifa ya benki, barua ya mwajiri, hati ya nyumba ya mume wangu, na mwisho nikapata barua pepe ya mistari miwili kutoka kwa wafadhili kwamba nafasi yangu imepewa mwingine. Hata pole sikupata.

MtuWaRamani

Mama, pole sana, na samahani kwamba ndiyo unaipata leo kwa mtu asiyehusika. Swali lako linastahili kujibiwa kwenye kanuni za mfuko kabla hata ya mtu wa kwanza kuomba. Ninavyoona mimi:

Aliyenyimwa viza asirudishe ada wala gharama alizotumia kwa nia njema. Mada yake isomwe au ioneshwe kwa video, na jina lake libaki kwenye ratiba. Mwaka unaofuata asianze upya kwenye foleni, alama zake zibaki, hasa kongamano likienda nchi anayoweza kuingia. Na mlezi ampigie simu. Huyo mlezi ndiye aliyekuwa anamfuatilia miezi yote, hawezi kumwachia mtambo wa barua pepe amwage habari hiyo.

Pia kamati iandike takwimu: wangapi walichaguliwa, wangapi walinyimwa, ubalozi gani. Wasichapishe majina, idadi tu. Waandaaji wa dunia wakiziona namba ndipo wanapofikiria kuhamisha ukumbi. Wale wa ICLR, kongamano la dunia la watafiti wa akili bandia, walipanga Addis Ababa 2020, korona ikaivunja, lakini Mei 2023 wakafanya Kigali. Hayo hayakuja kwa bahati, watu walipiga kelele wakiwa na ushahidi.

Mwanasheria_Mnyonge

Pongezi. Nagusa kitu kimoja, pasipoti za watu. Nimeona kamati zinakusanya picha za pasipoti na taarifa za benki kwenye kundi la WhatsApp lenye watu thelathini. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya wana yao ya 2019. Mtu mmoja wa kujitolea apewe dhamana ya nyaraka: ziko wapi, nani anaziona (mtu wa viza na mtu wa tiketi, basi), na zinafutwa lini. Wasomaji wa maombi hawana haja ya kuona pasipoti ya mtu. Safari ikiisha na hesabu zikifungwa, zifutwe, na aliyefuta aandike kwamba amefuta.

MtuWaRamani

Naafiki kabisa. Na kwenye simu za walezi pia zifutwe, huko ndiko husahaulika.

KijanaMpya22

Samahani wakuu kama swali langu ni la chini. Mimi ni mwanafunzi mwaka wa pili, Dodoma. Sijawahi kupanda ndege wala kuwa na pasipoti. Naweza kujitolea kwenye kamati kama hii au ni ya waliosafiri tu?

MtuWaRamani

Kijana, karibu sana. Anza na ulezi wa watu wa safari za basi za humu kandani. Unachohitaji ni kupokea simu, kuandika kila kitu kwenye jedwali, na kuuliza mara ya pili bila aibu. Tena mtu ambaye hajasafiri huuliza maswali ambayo sisi wengine tumeyasahau, kama vile nikishuka ndege naelekea wapi, begi langu nalichukulia wapi, nikiishiwa chaji nafanyaje. Andika maswali hayo yote kwenye karatasi moja kwa Kiswahili, na majibu yake, kisha mtumie kila msafiri. Hiyo peke yake ni kazi kubwa na kamati nyingi hazina. Pasipoti nayo anza kuishughulikia sasa, usisubiri uchaguliwe.

KatibuMfuko

Wakuu, mimi ni mmoja wa wale vijana waliotajwa mwanzo. Tumeusoma uzi wote kwenye kikao cha jana.

Tulikuwa tufungue maombi tarehe 1 mwezi ujao. Tumesogeza mbele wiki sita. Mratibu tunaye, wasomaji tumepata wengi kuliko tunaowahitaji, kama alivyosema mzee. Dada Mhasibu ameshakubali inbox kuwa saini ya pili, tunamshukuru. KijanaMpya22 nimekutumia ujumbe. Ada ya viza na nauli ya kwenda ubalozini tumeziingiza kwenye bajeti, kwa hiyo badala ya watu kumi na wawili tutapeleka tisa.

Tunachokosa ni walezi wawili: mmoja anayeongea Kifaransa vizuri kwa ajili ya wenzetu wa Bujumbura, Goma na Lubumbashi, na mmoja aliyewahi kushughulikia viza ya Schengen hivi karibuni, ya kwake au ya mtu mwingine. Kazi ni miezi mitano, kama saa tatu kwa wiki, zaidi kidogo wiki ya safari. Hakuna malipo ila vocha za simu tunalipia.

NduguWaLushi

Kifaransa nitachukua mimi. Niandikie.